Kitabu cha Kate

Mwezi wa Juni, Sumbawanga haimwonei huruma mtu wa pwani. Basi linakushusha stendi gizani, baridi imeshika mpaka chini, na vijana wa bodaboda wamejifunga mitandio kichwani yamebaki macho tu. Chai ya maziwa inauzwa kwenye vikombe vya bati wala hakuna anayeinywa haraka. Kikombe kinashikwa kwa viganja viwili kwanza, mpaka vidole virudiwe na uhai. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda ulioinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Yote mawili yako chini yake kwa mita 1,000 hivi, kwa hiyo upepo ukianza kuvuma hauna wa kuuzuia.

Dar es Salaam, ukisema unakwenda Sumbawanga, utapewa utani uleule wa uchawi: usiazime chumvi, usiku ufunge dirisha, na ukirudi upitie kwa mganga kwanza. Utani huo nilikuwa nimeuchoka kabla sijaondoka, na nilipofika niliuchoka zaidi, maana unamfanya mtu aipite Ufipa nzima bila kuona kitu. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekaa na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika habari za kamchape, wale wasaka wachawi waliokuwa wakihama kijiji hadi kijiji. Lakini huyohuyo aliandika mengi zaidi juu ya kilimo cha Wafipa, hadithi zao na tawala zao, na hayo hayajawahi kufika kwenye vijiwe vya Kariakoo.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya karatasi, tena si yangu. Rafiki yangu, mwalimu mwenzangu kwenye shule moja ya sekondari, alikuwa anafunga ndoa Agosti na binti wa Kichaga. Padre wa parokia yao ya mjini akamtaka cheti cha ubatizo. Akampelekea kile cha zamani, kilichokunjwa mara nne na kutoboka kwenye mikunjo. Padre akakirudisha: anataka kipya, kisichozidi miezi 6, kutoka parokia ileile alikobatizwa. Parokia hiyo ni Kate, wilaya ya Nkasi. Rafiki yangu alidhani atapiga simu tu atumiwe. Mama yake akamjibu kwamba karatasi ya namna hiyo haiombwi kwa simu, inafuatwa, na anayeifuata aje na magunia matupu ya kurudi na maharage. Shule zilikuwa zimefungwa, nami sikuwahi kuvuka Mbeya. Nikamsindikiza. Mimi ni Mwislamu, nimekulia chuoni kwa maalimu, Tanga. Mambo ya parokia nilikuwa nayajua kwa kusikia kengele.

Ya njiani sina mengi. Ni zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar, na kile kipande cha Tunduma hadi Sumbawanga ambacho wazee wanakisimulia kwa vumbi na kulala porini, sasa ni lami tupu. Ukipitiwa na usingizi Laela, unaamshwa umeshafika.

Kabla ya kuondoka mjini tulipita Hospitali ya Dk. Atiman kumjulia hali shangazi wa rafiki yangu. Hilo jina linastahili kituo. Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo, akaibwa utotoni na kuvushwa Sahara akiwa mtumwa. Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema, kwenye ufuko wa Tanganyika, akiwa daktari na katekista kwa pamoja. Akaoa, akatibu babu, mwana na mjukuu wa nyumba moja, akamwona mwanawe akipewa upadre, na hakuondoka tena mpaka alipofariki mwaka 1956. Watoto wetu wanakaririshwa majina ya wapelelezi wa Kizungu waliopita ziwani kwa miezi michache, na mtu huyu aliyekaa zaidi ya miaka 60 akifunga vidonda hawamjui. Shangazi mwenyewe, alipoambiwa tunaelekea Kate, alisahau maumivu akaanza kututuma salamu za nyumba kwa nyumba, na kila nyumba na ujumbe wake. Rafiki yangu alitoa kalamu.

Tulipanda Noah ya kuelekea Namanyere. Nje ya mji macho hayana pa kugota: nyasi zilizoanza kuwa rangi ya dhahabu, mahindi yaliyokauka kwenye mabua, kundi la ng'ombe na mchungaji aliyejitanda blanketi. Hapa na pale mashamba yamejaa vilima vya udongo, vya duara, vinavyofika magotini. Nilidhani ni makaburi, nikauliza kwa sauti ya chini; abiria wote wakacheka. Ndiyo kilimo cha asili cha Wafipa. Mvua zikielekea ukingoni, mkulima anapindua udongo juu ya nyasi ili zioze humo ndani, na juu ya kilima anapanda maharage. Msimu ukirudi anakisambaza kile kilima, udongo umeshashiba, anapanda ulezi. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu, amepakata jogoo, alinieleza kwamba siku hizi wengi wanakimbilia mahindi na mbolea ya ruzuku, na mwaka mbolea ikichelewa ndipo vilima vinapokumbukwa. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Foleni ya malori kwenye maghala ya hifadhi ya chakula ya taifa, NFRA, mjini tulikuwa tumeiona asubuhi ileile.

Tuliiacha lami, tukashika njia ya vumbi kushoto, upande wa ziwani, kwa bodaboda mbili. Dalili ya kwanza ya misheni ni mikaratusi. Kwenye uwanda usio na miti, safu ya mikaratusi mirefu ukiionea mbali ujue hapo kuna padre, au alikuwapo. Baadaye linatokea paa, halafu kuta za matofali ya kuchoma, nene, zenye wekundu uliofifia kwa jua na mvua. Kanisa ni kubwa kuliko kijiji kinavyohitaji. Mbele yake uwanja mpana uliofagiliwa, mistari ya ufagio bado inaonekana, na watoto watatu wanacheza gololi pembezoni, kwa kuwa katikati wamekatazwa.

Kate ilikuwa ya Mapadre Weupe tangu zama za Wajerumani. Hao waliitwa hivyo kwa ajili ya kanzu zao nyeupe, walizozichukua kwa Waarabu wa Algeria; rozari waliivaa shingoni. Walishika Karema mwaka 1885 kutoka kwa Wabelgiji, kisha taratibu wakapanda huku juu uwandani. Kardinali Charles Lavigerie, aliyelianzisha shirika lao Algiers mwaka 1868, aliwaachia amri ambazo bila kuzijua huwezi kuielewa misheni yoyote ya zamani Ufipa. Wasikae pungufu ya watatu mahali pamoja. Mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka 4. Na kila misheni iandike shajara ya kila siku. Ya tatu imewaneemesha wanahistoria, maana mvua, njaa, nzige na ugomvi wa machifu viliandikwa siku ileile vilipotokea. Lakini ya pili ndiyo iliyoumba parokia. Hebu piga hesabu: Wazungu watatu, lugha wanajifunza, miguu yao ni hiyo miwili miwili, na kila mtu wa kila kijiji afundishwe miaka 4. Haiwezekani. Ilibidi afundishe Mfipa, yaani katekista. Katekista hakuja kumsaidia padre kazi aliyoiweza. Alikuja kuifanya ambayo padre asingeiweza kabisa.

Mambo ya juu yamebadilika mara nyingi tangu hapo. Mwaka 1953 likatangazwa Jimbo la Karema, mwaka 1958 likapata askofu Mwafrika, Charles Msakila, na mwaka 1969 likaitwa Jimbo la Sumbawanga. Misa ikatoka kwenye Kilatini ikaja kwenye Kiswahili. Kijijini, nilivyoambiwa na kila niliyemuuliza, katekista aliendelea kuwa katekista.

Ofisi ya parokia ni chumba kimoja chenye meza, kalenda ya jimbo, kabati la chuma lenye kufuli na kiti cha mgeni ambacho mguu wake mmoja umeongezewa kigae. Karani, mwanamke wa makamo mwenye sweta la kijani, alitusomea sura kabla hatujasema. "Wewe ni wa mama fulani," alimwambia rafiki yangu, akataja kijiji. Hakuwahi kumwona, alitambua paji la uso. Akauliza mwaka wa ubatizo, rafiki yangu akasitasita, yeye akasema basi tuanze na mwaka paa la shule lilipoezuliwa na upepo, tuje mbele.

Kitabu cha ubatizo nilikitarajia kidogo. Ni kikubwa, cha kubebwa kwa mikono miwili, jalada gumu lenye kona zilizolika. Kila mstari ni mtu: namba, siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, jina, baba, mama, kijiji, msimamizi, aliyebatiza. Alitutolea na cha zamani zaidi tukitazame tu, vichwa vya safu vimeandikwa kwa Kilatini na majina ya Kifipa yameandikwa kwa masikio ya Mzungu. Mwandiko wa wino mweusi, wembamba, umelala kulia, ukurasa baada ya ukurasa; kisha ghafla unakuja mwandiko mwingine mnene. Karani alisema hapo padre alibadilika. Hakusema alihama au alikufa.

Nilichokuwa sikijui ni pambizo. Kila jina limeachiwa nafasi pembeni, na nafasi hiyo inajazwa polepole maisha yakienda: kipaimara mwaka fulani, ndoa mwaka fulani, na nani, parokia gani. Mtu akifunga ndoa Mwanza au Dodoma, padre wa huko anapaswa kuandika barua kurudi Kate, karani afungue kabati, atafute mstari, aandike pambizoni. Ndiyo sababu ya cheti kipya. Padre wa Dar hakuwa anataka kujua kama rafiki yangu alibatizwa, hilo alilijua; alitaka kujua pambizo lake lina nini. Mwenye ndoa nyingine mahali fulani, kitabu kingemsema.

Uingereza, Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, aliamuru vitabu vya namna hii mwaka 1538, kila parokia iandike waliobatizwa, waliooana na waliozikwa, na mpaka leo Mwingereza anayetafuta mababu zake anaanzia humo. Huko parokia iliota pembe ya pili: sheria ya mwaka 1894 iliunda halmashauri za parokia za kiraia, zisizo za kanisa, ambazo hadi leo zinashughulikia njia za miguu, taa na viwanja vya michezo vya kijiji. Kwetu serikali ya kijiji ina mwenyekiti wake na mtendaji wake, kanisa lina lake, na sheria haivichanganyi. Lakini mtu mzima wa Kate akienda kuomba cheti cha kuzaliwa kilichochelewa, cheti cha ubatizo ni miongoni mwa vielelezo vinavyopokelewa. Serikali nayo inakisoma kile kitabu, kwa kuzunguka.

Karani alifika kwenye mstari, akaweka rula chini yake. Jina lipo, la baba lipo, la mama lipo. Siku ya kuzaliwa ikatupa shida: kwa mujibu wa kitabu rafiki yangu amezidi kwa miaka miwili umri ulioandikwa kwenye vyeti vyake vya shule. Alinitazama, nikatazama kalenda ya jimbo. Karani akanakili ya kitabuni kwa utulivu, herufi kubwa, akagonga mhuri, akasema, "Umri wa mjini utajua mwenyewe." Pambizoni kulikuwa na kipaimara tu. Baada ya hapo peupe. Alipitisha kidole hapo kabla ya kufunga kitabu, kana kwamba wino unaweza kujificha.

Jumapili hatukusali Kate. Nyumbani kwa mama ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu, kijiji kilicho na kigango chake, kanisa dogo chini ya parokia, na yeye alishasema hawezi kumficha mwanawe parokiani wakati kigangoni kuna mavuno. Alinipokea kwa kupiga makofi mepesi na kuinama, nami nikatoa shikamoo. Akaniita mwanangu na kunipa jembe nipigwe nalo picha, kwa kuwa mikono yangu ilimchekesha. Asubuhi alitoka na debe la mahindi kichwani, sisi tukambebea kuku.

Kigango ni nyumba ya matofali mabichi, nusu ya paa ni bati na nusu bado nyasi, madawati ni kuta fupi za udongo zilizosuguliwa na makalio ya watu mpaka zikang'aa. Padre hufika pale mara moja kwa mwezi, na masika hata hiyo moja ni bahati. Jumapili nyingine ni za katekista. Huyu wa kwetu ni mzee mrefu aliyekuja kwa baiskeli, suruali ameikamata kwa kibanio cha nguo, koti limemzidi mabega. Watu walimwita Mwalimu. Alimpa kila mmoja mkono, "Tumsifu Yesu Kristo", "Milele, amina", alipofika kwangu akabadilisha bila kusita: "Asalaam aleikum, mgeni wetu." Habari zangu zilikuwa zimemfikia kabla ya mimi.

Ibada bila padre haina mageuzo ya mkate na divai, na Mwalimu hakujifanya kuyaweza. Alisoma masomo, akafafanua kwa Kiswahili, akarudia kwa Kifipa palipokuwa pagumu, hasa alipogusia wanaouza maharage yakiwa bado shambani. Mahubiri yalikuwa mafupi. Matangazo ndiyo yalikuwa marefu, na kwangu mimi mgeni ndiyo yaliyonifumbua macho. Nani amelazwa na jumuiya gani imeenda kumwona. Nani amefiwa upande wa Wampembe na michango ipelekwe kwa nani. Bati zilizobaki kununuliwa. Ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja amepotea. Chanjo ya watoto ni Alhamisi. Mtendaji wa kijiji anaomba watu wamalize mchango wa choo cha shule. Mtendaji mwenyewe alikuwa amekaa dawati la tatu, lakini aliona lisemwe na Mwalimu.

Kisha mavuno. Ngoma ikaanza taratibu nje, wanawake Wakatoliki wa WAWATA wakaingia wakicheza kwa vitenge vyao, na nyuma yao kijiji kizima kikibeba kilichopata: mahindi, ulezi, maharage ya njano na ya madoadoa, malenge, mayai kwenye bakuli la plastiki, mtoto mmoja na mhindi mmoja. Kuku wetu alifika mbele akiwa amefungwa miguu kwa kamba ya katani na kutulia kuliko waumini.

Baada ya ibada ukafanyika mnada, chini ya mti. Aliyeuendesha ni kijana fundi wa pikipiki, mwenye mdomo ambao ungemfaa siasa. Kuku alianzia shilingi 8,000. Akapanda mpaka 15,000, akachukuliwa na mwenye duka, ambaye hapohapo akasema, "Namrudisha." Akauzwa tena. Aliyemnunua mara ya pili naye akamrudisha. Kuku yuleyule aliuzwa mara tatu, na katika kila mauzo pesa ni za kanisa, ndipo mama mmoja mjane akampata kwa bei ya chini kabisa, maana ilipofika zamu yake wote walinyamaza ghafla. Hakuna aliyepanga kwa maneno. Mimi niliinua mkono kufukuza inzi nikapewa lenge. Mhazini, mwanamke mwenye daftari la mraba na kalamu iliyofungwa kwa uzi shingoni, aliandika kila shilingi huku vijana wawili wakirudia hesabu kwa sauti.

Mchana watu walihamia kwenye uwanja wa nyumba moja ambako chungu cha pombe ya kimpumu kilikuwa kimewekwa katikati na mirija mirefu imechomekwa, maji ya moto yakiongezwa kila kinapopungua. Mwalimu alipita, akasalimia, hakuketi. Mimi nililetewa togwa. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami alinionyesha kilima kwa mrija wake: kule juu, alisema, yapo malungu. Ni tanuu za kuyeyushia chuma, za udongo, nyingine zinazidi kimo cha mtu na kukaribia mita 3. Zilivuta hewa zenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka kilisafishwa tena kwenye tanuu ndogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Wafua chuma walijitenga na wake zao kazi ikiendelea, na tanuu ilitunzwa kwa miiko ya bibi harusi. Profesa Bertram Mapunda alizunguka wilaya hii ya Nkasi akizichimba na kuzipima, akaandika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya chuma cha kusini magharibi mwa Tanzania. Majembe ya dukani ndiyo yaliyozima moto. Nilimuuliza yule mzee kama mapadre walikataza. Alivuta mrija kwanza. Babu yake, alisema, alifua chuma Jumatatu hadi Jumamosi na Jumapili akafundisha dini. Aliyemshinda ni Mhindi mwenye duka.

Nisije nikapaka asali peke yake. Kujulikana kuna bei. Katika parokia nyingi nchini, na si Ufipa pekee, mtu asiyehudhuria jumuiya ndogo ndogo, zile za nyumba kumi na kitu ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, anaweza kufika siku ya msiba akaulizwa kadi yake ya michango, maiti iko ndani. Mwanamke aliyechukuliwa bila ndoa ya kanisa anakaa miaka bila komunyo, na mwanamume aliyemchukua anashika kapu la sadaka. Majina ya wanaodaiwa husomwa hadharani. Nilimweleza mama wa rafiki yangu kwamba hilo mimi lingenishinda. Akanijibu huku akipepeta: "Huko Dar jirani yako anaitwa nani?" Nilimjua kwa gari lake.

Vijana nao hawangoji. Wengi wako Mpanda kwenye dhahabu, Tunduma kwenye malori, Kirando kwenye dagaa. Upande wa pili wa kijiji kanisa la kilokole lina spika mbili zinazoanza saa kumi na moja alfajiri, na kwa mwaliko wa muziki linashinda. Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao wana mikutano yao wenyewe. Mwalimu anayajua haya yote kwa majina. Alipoulizwa nani atashika baiskeli yake, alisema binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne anasoma masomo ya ukatekista, ila wazee wawili wa kamati bado hawajazoea. Atawazoesha, alisema, wakiugua, kwa kuwa yeye ndiye atakayewaombea.

Tuliondoka na gunia la maharage lililojazwa lumbesa, lenge langu, na cheti ndani ya bahasha ndani ya kitabu ndani ya begi. Padre wa Dar alikipokea, akaandika tangazo la ndoa la kusomwa Jumapili tatu, hapo mjini na Kate pia, yeyote mwenye kujua kizuizi aseme. Jumapili ya kwanza kimya. Ya pili, karani akampigia rafiki yangu. Mtu amejitokeza, alisema. Akanyamaza muda wa kutosha mchumba wa watu kuweka kijiko chini. Si kizuizi cha ndoa, akaendelea, ni mhazini wa kigango: jina lilipotajwa alifungua daftari akakuta bwana harusi anadaiwa shilingi 20,000 za bati tangu 2016, na tangazo la tatu linasomwa Jumapili ijayo. Rafiki yangu akatuma kwa simu palepale, pamoja na ya kutolea. Baada ya robo saa ikaja picha ya ukurasa wa daftari: jina, kiasi, sahihi ya mhazini, na chini yake mstari mwingine kwa kalamu ileile, "Mgeni wa Tanga, lenge 1, bado 500."

Nilituma elfu moja.